Sura ya Saba: Mahali pa Fundo

Picha ilikuwa mezani kwa Sajini Kornel tangu Ijumaa, na kwa muda wote huo hakuona ndani yake zaidi ya Mzungu mmoja aliyevaa kaptura.

Mzungu huyo alikuwa mpima ardhi wa mashamba ya karanga ya Nachingwea. Alipigwa picha mwezi wa Julai, mwaka ule wa 1951, akiwa amesimama na darubini yake ya miguu mitatu kwenye njia ya mkato inayotoka kijiji cha Mbwemkuru, kule Ruangwa, kwenda mtoni. Nyuma yake njia ilipita katikati ya nyasi ndefu, na kandokando kulikuwa na miti, miti ya kawaida tu ya porini. Kornel aliiomba picha hiyo kwa sababu njia ndiyo ile ile aliyofia Yunusi, mkulima wa huko, mwezi mmoja baadaye. Yunusi alitumbukia katika rima, yaani shimo refu la kutegea nguruwe mwitu, lililosimikwa miti iliyochongoka. Kornel aliitumia picha kuchorea ramani ya kesi, na ramani ikatoka nzuri. Inspekta wake, Mzungu asiye na maneno mengi, aliisifu.

Kesi nayo ilikuwa imekwisha kuiva. Aliyechimba rima ni Lukumani, jirani wa marehemu, kwa sababu nguruwe walikuwa wakimmalizia mihogo. Desturi ya huko haina mjadala: anayechimba rima karibu na njia hufunga fundo la nyasi hatua kumi kabla yake, ili binadamu ajue na apite pembeni. Kornel alikuwa mtu wa Songea, na mafundo ya watu wa Ruangwa hakuyajua. Aliuliza, akaelekezwa: tazama vichaka vya upande wa kulia, kimo cha kifua. Alivikagua vyote, akatoka bila kuona fundo hata moja. Tena siku chache kabla ya kifo, Lukumani na Yunusi walirushiana maneno makali juu ya mpaka wa shamba. Mtu ana ugomvi, ana shimo, hana fundo. Kornel aliandika kurasa nne akatia sahihi. Asubuhi hii saa nne gari lilikuwa limchukue Lukumani kumpeleka Lindi mbele ya jaji, kwa kosa ambalo adhabu yake ni kitanzi.

Ilipogonga saa mbili, jua lilikuwa tayari limeanza kuchoma bati la kituo cha polisi. Mwanamke mmoja aliingizwa na koplo, kikapu mkononi, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa Mwamina, mke wa Lukumani. Alikuwa ametembea siku mbili na kulala njiani Chunyu, apate kumwona mumewe kabla hajaondolewa. Hakulia wala hakuomba lolote ila ruhusa ya kumpa chakula.

Kornel alifunua kikapu kukikagua, kama utaratibu unavyotaka. Alikuta mihogo ya kuchemsha na karanga ndani ya jani la mgomba. Alipoinua kichwa alimkuta Mwamina anaitazama picha iliyolala mezani. Kazi ya miaka kumi na moja ilimfundisha Kornel kutazama macho ya watu kabla ya midomo yao, na macho ya mama huyu yalimshangaza. Hayakutua kwa Mzungu hata kidogo. Yalipanda moja kwa moja kwenye pembe ya juu, upande wa kushoto, yakabaki pale.

"Mama, unaangalia nini?"

"Fundo la mume wangu," Mwamina alisema.

Kornel aliichukua lenzi yake kutoka kwenye mtoto wa meza. Kweli. Juu ya kofia ya Mzungu, kwenye panda ya mti, pale matawi mawili yalipoachana, kulikuwa na kitu kidogo kama ukucha: kishungi cha nyasi kilichofungwa kwa kamba ya gome. Siku nne picha ile ilikuwa chini ya pua yake. Alijisikia aibu, tena aibu ya kumfanya mtu atamani kutoka nje.

Alimuuliza mbona fundo liko juu namna ile, na yeye aliambiwa kimo cha kifua.

"Wenzetu ndio hufunga hapo, baba. Kwetu mbuzi wangu wanayala. Mwaka jana walikula mawili. Basi mume wangu akahamia juu, kwenye panda, upande wa kushoto. Huyo anatumia mkono wa kushoto. Sisi tunaopita njia ile tunajua, tunatazama juu."

"Ninyi, nani?"

"Mimi na yeye. Na marehemu Yunusi, kwa kuwa shamba lake limepakana na letu. Wengine wote wanapita barabara kubwa."

Kornel alimkalisha kwenye benchi, akampa maji. Kisha alifanya jambo ambalo koplo wake alilisimulia miaka mingi baadaye kwa kicheko, ingawa siku hiyo hakucheka. Alimwita koplo huyo, jina lake Swalehe, mtu wa Kilwa, akamwekea picha mbele na kumtazama machoni. Macho ya Swalehe yalikwenda kwa Mzungu, yakashuka kwenye darubini, yakarudi kwa Mzungu. Akamwita Agapiti, dereva wa gari la polisi. Agapiti hakumjali Mzungu. Alitazama chini njiani, kisha akasema hapo kumepita lori, Bedfodi, na gurudumu moja la nyuma limekwisha. Kornel akainama, akaona alama za magurudumu ambazo nazo hakuwahi kuziona. Mwisho alikwenda mahabusu na kuisimamisha picha kwenye nondo. Lukumani alikuwa ameketi sakafuni. Aliinua macho mara moja tu, na yakaenda kwenye panda.

Kila mtu aliona alichokuja nacho. Na Kornel alikuja na nini siku ile alipokagua njia? Alikuja na vichaka vya kulia, kimo cha kifua. Alikuwa amepewa macho ya kutazamia, naye akayavaa bila kuuliza ni ya nani.

Sasa aliuliza. Alifungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa kadhaa. Aliyemwelekeza alikuwa Isihaka.

Isihaka alikuwa ndugu wa marehemu. Mama zao walizaliwa tumbo moja. Mjomba wao, Mzee Mikidadi, ndiye jumbe wa pale, na Mzee Mikidadi alikuwa kitandani, hajiwezi. Kwa desturi ya Wamwera ujumbe haurithiwi na mtoto wa kuzaa bali na mpwa, mtoto wa dada. Yunusi, mtoto wa dada mkubwa, alikuwa ndiye anayesubiriwa. Sasa angesubiriwa Isihaka. Miaka mitatu Isihaka alikuwa Nachingwea akiendesha tingatinga la kung'oa visiki, na kwa maneno yake mwenyewe, yaliyoandikwa na mkono wa Kornel, tangu aondoke hakuwahi kupita njia ya mkato. Akija kusalimia hupita barabara kubwa. Ni yeye aliyempokea sajini siku ya kwanza ya matanga, akamtafutia kiti na maji ya kunywa, akamfafanulia desturi ya mafundo kwa upole kabisa.

Huenda alisema kwa nia njema. Mtu asiyejua habari ya mbuzi wa Mwamina angesema vile vile. Swali lilikuwa moja tu, na Kornel aliliandika chini ya ukurasa: Isihaka alijua kwamba Lukumani hufunga juu, au hakujua?

Alirudi mahabusu, safari hii pamoja na Mwamina, maana Kiswahili cha Lukumani kilikuwa cha sokoni tu na siku ya kuhojiwa alijibu ndiyo na hapana. Kwa Kimwera alizungumza. Mwamina alitafsiri pole pole. Mumewe alikuwa amechimba marima mawili siku ile ya Jumatatu, siku moja kabla ya kifo. Moja kabla ya kona ya njia, jingine baada yake. Nguruwe wana akili, kwa hiyo kila baada ya majuma machache huyahamisha. Alifunga mafundo mawili.

"Mbona hukusema kuna rima la pili?" Kornel aliuliza.

Lukumani alijibu kwa sentensi moja fupi. Mwamina alisita kuitafsiri.

"Anasema hukumuuliza."

Kornel alimuuliza kama inawezekana mtu akaondoa fundo la mwenzake kwa makusudi. Mwamina hakumwuliza hata mumewe, alijibu yeye. Alisema hajapata kusikia. Hata adui yako, ukimwona anaelekea kwenye rima, unamwita. Ugomvi unakaa kando kwanza, akishasimama mnaendelea kugombana.

Inspekta alisikiliza habari yote akiwa anafunga mkoba wake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililombana Kornel zaidi. Alisema jaji wa Lindi hatahukumu kwa macho ya mwanamke. Alisema kurasa nne ziko ndani ya bahasha na sahihi ni ya sajini mwenyewe. Mwisho alikubali gari lizungukie Ruangwa badala ya kwenda Lindi moja kwa moja, mfungwa akiwa ndani. Ikifika saa kumi jioni pasipo jambo la kushikika mkononi, Agapiti apige honi, na gari liendelee Lindi na Lukumani na bahasha yake.

Waliondoka saa tatu na nusu. Lukumani alifungwa pingu kwenye chuma cha ubavu wa gari. Mwamina aliketi karibu naye, Swalehe na askari wawili wakaketi mkabala. Barabara ilikuwa imechakazwa na malori ya karanga, na vumbi la Agosti liliwafuata kama deni. Kila gari lilipotumbukia kwenye shimo, pingu iligonga chuma, na Kornel, aliyekuwa mbele na dereva, aliisikia kila mara. Ni yeye aliyeifunga ile pingu kwa mkono wake, na sasa alikuwa na kama saa sita za kuifungua.

Walifika Mbwemkuru saa saba na dakika. Kornel hakwenda kijijini. Alisimamisha gari barabara kubwa, akaingia porini na Lukumani, Swalehe na askari wawili kwa upande wa mtoni, wasikoonekana. Lukumani alitembea mbele bila kusita. Baada ya mwendo mfupi alisimama na kunyoosha kidole. Mbele yao njia iliendelea, nyasi zimelala juu yake kidogo, majani makavu yametawanyika. Kornel angepita hapo akiimba. Askari mmoja alichomeka fimbo, nayo ikazama yote.

Walilizunguka, wakaenda hatua kumi ng'ambo yake, upande wa kona, kwenye mti wenye panda. Kornel alipandishwa mabegani kwa Swalehe, akatazama. Fundo halikuwepo. Lakini katika mfereji wa gome kulikuwa na kipande cha kamba, urefu wa kidole, kimenasa. Upande mmoja ulikuwa umechakaa. Upande wa pili ulikuwa umekatwa kwa ncha kali, mkato mmoja, safi. Mbuzi hakati hivyo, na mbuzi hapandi hapo. Kornel alitamani kukuta na alama ya grisi, kwani mtu wa tingatinga hakosi grisi kwenye kucha. Hakuna grisi. Alikitia kipande kwenye bahasha akijua kwamba kingethibitisha kuwa fundo lilikatwa, lakini kisingesema limekatwa na nani.

Alisimama pale akiitazama njia, na ndipo alipoelewa namna Yunusi alivyokufa. Yunusi hakuwa mzembe. Mgeni angekuja anatazama chini, angeona majani yamekaa vibaya, angeogopa. Yunusi alikuja akatazama juu kwenye panda, kama alivyozoea; akaona pako wazi, akapiga hatua kwa amani. Aliyeondoa fundo alijua macho ya Yunusi yatakwenda wapi.

"Kateni magogo," Kornel aliwaambia askari. "Manene."

Walifanya kazi kwa saa nzima wakiwa wamevua mashati. Walilaza magogo kumi na mawili juu ya mdomo wa rima, yakibanana, wakayafunika udongo, wakarudisha nyasi na majani. Lukumani ndiye aliyemalizia kwa mkono wake, na alipomaliza palikuwa vile vile kama walivyopakuta. Kornel alipaweka alama moyoni. Lukumani alirudishwa garini.

Ndipo Swalehe alipotumwa kijijini. Maneno aliyopewa yalikuwa mepesi: sajini anakamilisha ramani, anahitaji watu wawili waipite njia, apime hatua zao. Alimleta Isihaka, kwa kuwa ndiye msimamizi wa msiba, na alimleta Mzee Hasani, mzee wa baraza anayekaa upande wa barabara kubwa, mtu ambaye neno lake husikilizwa. Waliambiwa wasubiri kwenye rima la kwanza, lililobaki wazi tangu siku ya kifo. Kornel mwenyewe alikaa ng'ambo ya rima la pili, baada ya kona, juu ya jiwe, uso wake ukielekea wanakotokea. Ramani ilikuwa magotini, lakini hakuitazama.

Mzee Hasani ndiye aliyetangulia. Alitokea kwenye kona na bakora yake. Kornel aliyafuata macho yake. Yalikwenda kulia, kimo cha kifua. Kichaka cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hayakupanda juu hata mara moja. Hakuona fundo lolote, akaendelea, akavuka magogo pasipo kujua amevuka kitu, akafika.

"Mngoni umeketi porini peke yako," alimtania, maana Wangoni na Wamwera ni watani. "Babu zako walipokuja huku walikuja na mikuki, wewe umekuja na karatasi."

Kornel alimwomba radhi kwa usumbufu, akamkaribisha kwenye jiwe la pili na kumsihi atazame tu, asiseme neno. Mzee alimtazama usoni, akaacha utani.

Isihaka alitokea. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, amevaa kanzu ya msiba na viatu vya kazi vya Nachingwea. Swalehe alimfuata nyuma kwa mbali. Isihaka alipomaliza kona, macho yake hayakwenda kulia. Yalipanda kushoto, kwenye panda, mahali ambapo hapakuwa na kitu, yakatua. Hayakukaa hata muda wa kuvuta pumzi. Kisha yalishuka ardhini, hatua kumi mbele, na miguu yake ikasimama.

Kornel alijua sasa, maana rima hilo lilijulikana kwa aliyelichimba na aliyekata fundo lake tu. Lakini alijua pia kwamba kujua kwake hakukuwa na thamani Lindi. Angesema nini mbele ya jaji? Kwamba mtu alitazama mti?

"Karibu, bwana Isihaka," aliita kwa sauti ya kawaida. "Njoo moja kwa moja. Nahesabu hatua."

Isihaka alisema amechomwa na mwiba. Aliinama, akavua kiatu, akatafuta mwiba kwa muda mrefu kuliko mwiba wowote unavyohitaji. Alipokivaa tena alisema atapita kwenye nyasi, aone nguruwe wameharibu mihogo kiasi gani.

"Nyasi si za ramani," Kornel alimjibu. "Mzee Hasani amepita njiani. Nawe pita njiani."

Isihaka alimtazama Mzee Hasani, kisha akatazama njia, kisha Mzee Hasani. Ungeweza kumhurumia. Mzee alikuwa amekaa mzima mbele yake, na njia ya kumfikia ni moja. Ikiwa mzee amevuka, basi rima halipo. Lakini Isihaka aliliona kwa macho yake Jumatatu ile, alipokuja kwa siri kukata fundo lake, na huenda mzee alikanyaga ukingoni kwa bahati. Akisonga mbele huenda akafa kifo cha Yunusi. Akizunguka, amesema kila kitu bila kufungua mdomo. Nyuma yake alisimama koplo. Kijasho kilimtiririka shingoni na kuingia ndani ya kanzu, naye hakukifuta.

Kutoka barabara kubwa honi ya gari ililia, ndefu. Saa kumi.

Swalehe alimtazama sajini wake. Honi ililia tena. Kornel aliona bahasha ile ikienda Lindi, kurasa nne na sahihi, na Lukumani kando yake akigongwa na chuma. Isihaka naye aliisikia honi, na mabega yake yalilegea kidogo, kama mtu aliyeelewa kwamba polisi wanaitwa, na akivumilia dakika chache tu atakuwa salama.

Wakati huo Kornel alikumbuka maneno ya Mwamina: hata adui, akielekea kwenye rima, unamwita.

Alikunja ramani, akainuka. "Basi usisumbuke na mguu," alisema. "Nakuja mimi."

Alianza kutembea. Hakwenda haraka. Macho yake aliyaweka usoni kwa Isihaka, na macho ya Isihaka hayakuwa usoni kwake. Yalikuwa kwenye buti zake. Hatua ya kwanza. Ya pili. Midomo ya Isihaka ilifunguka, ikafumbika. Hatua ya tatu. Huyu alikuwa mtu aliyekata fundo akarudi Nachingwea, akamuua nduguye akiwa mbali, juu ya tingatinga, bila kumwona akianguka. Hatua ya nne. Leo alikuwa anaona. Kornel aliinua buti kwa hatua ya tano, ya kukanyagia majani.

"Afande," Isihaka alisema, sauti imekauka. "Usikanyage hapo."

Mzee Hasani alisimama kwenye jiwe lake akishika bakora kwa mikono miwili. Kornel aliubakiza mguu hewani kidogo, kisha akaushusha juu ya majani, akauleta na wa pili, akasimama hapo kwa uzito wake wote. Magogo yalilia chini ya udongo lakini hayakusogea.

"Hapa pana nini, bwana Isihaka?"

Isihaka alizitazama buti zilizosimama mahali pasipostahili kusimamwa. Alikaa chini njiani, kanzu kwenye vumbi.

"Yunusi mwenyewe ndiye aliyenionyesha," alisema hatimaye. "Siku ya Idi. Tulipita njia hii wote wawili. Aliniambia, ndugu yangu, Lukumani hafungi pale wanapofunga wenzake, hufunga juu. Tazama juu usije ukaumia."

Mzee Hasani alisema kitu kwa Kimwera, kwa sauti ya chini, na Isihaka alifunika uso wake kwa viganja. Kornel hakuomba tafsiri. Aliandika maneno ya Isihaka yalivyotamkwa, akamsomea, mzee akaweka alama ya kidole gumba, Swalehe akatia sahihi. Kornel alitia yake mwisho, na safari hii alisoma mara mbili kabla ya kuiandika.

Walipofika barabarani Agapiti alikuwa tayari amewasha injini. Pingu zilikuwa jozi moja tu. Kornel alipanda nyuma ya gari, akaifungua ile ya Lukumani kwa mkono wake, akaivisha mkononi kwa Isihaka. Kisha alimshika Lukumani mkono. Lukumani aliukubali mkono, akashuka garini akisugua kifundo chake.

Mwamina alidhani wataelekea nyumbani, akachukua kikapu chake. Lakini mumewe hakuishika njia ya nyumbani. Alichuma nyasi ndefu kando ya barabara, akachubua gome la mti mdogo kupata kamba, akarudi porini walikotoka, maana rima la kwanza lilikuwa bado wazi na watu wangepita. Kornel alimwambia Agapiti azime injini, angoje kidogo. Kutoka pale alipoketi aliweza kuiona miti iliyo kabla ya kona. Hakutazama vichaka. Alitazama juu, upande wa kushoto, mpaka mkono ulipoonekana kwenye panda na kulikaza fundo.